Safu Aliyoiongeza Mjomba

4 Februari

Mjomba wangu mpendwa,

Nakuandikia kukuomba saini yako. Ningeweza kulizungusha jambo hili kurasa mbili kabla ya kulitua, lakini najua humpendi mtu anayeingia karakana akaanza kwa kusifu dari.

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba kile kikohozi cha mwezi uliopita kimekuacha. Kwa simu sikukuelewa vizuri, nawe ulinijibu mambo ambayo sikukuuliza. Masikio yako yamekwisha kulewa sauti ya msumeno, kwa hiyo nimeona tuyaandike mambo yetu. Mimi sijambo. Chumba changu cha ghorofa ya nne kinaingiza jua la asubuhi mpaka kwenye mto wa kulalia, na kazini wamenihamishia meza iliyo karibu na dirisha. Bado nimo katika mwaka wa majaribio, ila meneja ameanza kuniita kwenye vikao vya wateja.

Sasa jambo lenyewe. Mafao ya marehemu dada yametoka kiwandani. Kikao cha familia kilinikabidhi mimi kazi ya kuchagua yatunzwe wapi hadi mwanawe, Chiriku, atakapotimiza miaka kumi na minane, nawe ukateuliwa kuwa msimamizi kwa kuwa unaishi naye. Nimelichunguza suala hili kwa uangalifu wote niliofundishwa. Akaunti ya kawaida ya akiba haina hatari, lakini bei za vitu hupanda upesi kuliko riba yake, hivyo fedha hukaa palepale zikichakaa taratibu kama nguo iliyosahauliwa juani. Hisa za kampuni moja zinaweza kumtajirisha Chiriku au kumwacha mikono mitupu, na sina haki ya kucheza bahati nasibu kwa jasho la mama yake.

Kwa hiyo napendekeza theluthi mbili ziende kwenye hati fungani ya serikali ya miaka kumi na tano. Maana yake ni kwamba serikali inamkopa Chiriku, inamlipa riba kila miezi sita, na mwishoni inamrudishia mtaji wake wote. Theluthi iliyobaki inunue vipande vya mfuko wa uwekezaji wa pamoja, ambamo watu wengi huchanga na wataalamu huzitawanya fedha zao mahali pengi ili mahali pamoja pakianguka, pengine pote pabaki pamesimama. Na kila riba inayotoka kwenye hati, isiliwe. Inunue vipande zaidi.

Nimeambatisha fomu, pamoja na jedwali nililolichapa mwenyewe. Lina safu tatu: mwaka, umri wa mtoto, na thamani inayokadiriwa. Nilipokuwa nachapa mstari wa mwisho, ule wa mwaka wa kumi na tano, jambo la ajabu lilinitokea. Nilimwona. Alikuwa msichana mrefu anayepita kwenye ukumbi mrefu wenye madirisha, vidoleni ana madoadoa ya rangi kama yale ya kiwandani ambayo dada alikuwa hawezi kuyatoa hata kwa sabuni ya unga. Aligeuka akanitazama kwa adabu, kama mtu anavyomtazama mgeni aliyepotea njia, kisha akaendelea na safari yake.

Mnada wa hati utafungwa mwisho wa Aprili. Tafadhali weka saini mapema.

Mpwa wako mtiifu.

*

9 Machi

Profesa,

Marahaba, mwanangu. Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama. Ina adabu za ofisini mno, hata nikatazama chini kutafuta mahali pa kugonga mhuri.

Tumo humu, wazima. Chiriku hanyamazi tangu anapofumbua macho. Amejifunza kuhesabu hadi kumi na moja, baada ya hapo anasema "na wenzake." Anashinda nami karakana, ananikusanyia maranda kwenye sanduku la misumari na kuyaita nywele za mbao. Mchana hulala juu ya rundo hilohilo, nami huzima mashine nikafanya kazi za msasa mpaka aamke. Kikohozi ni cha vumbi tu. Usikihesabu.

Nilimsomea jedwali lako. Akauliza, "Babu, barua ina picha?"

"Haina, ina namba."

"Namba zinafanya nini?"

"Zinakua."

"Zinakula nini?"

Wewe uliyesomea mambo hayo umjibu.

Mawazo yako nimeyaelewa kuliko unavyodhani. Unakumbuka dari ya karakana? Mbao mbichi huwezi kuzifanyia kazi. Zitajipinda zikuaibishe mbele ya mteja. Unazilaza juu, moja juu ya nyingine, katikati unaweka fito nyembamba hewa ipite, kisha unaziacha. Mwaka mmoja kwa kila unene wa kidole gumba. Kichwani mwa ubao naandika kwa chaki tarehe na jina la atakayeutumia. Meza uliyosomea ililala huko juu tangu ulipokuwa unatambaa. Siku Chiriku alipozaliwa nilipandisha ubao wa vidole gumba vinne. Mwezi wa tisa utakuwa tayari, nitamfanyia kitanda cha mtu mzima. Nikiwa chini nasikia wakati mwingine mbao hizo zikialika kwa mlio mkavu, zinajinyoosha kama watu wanaoota. Basi hiyo hati yako ya miaka kumi na tano ni ubao mnene sana, Profesa, lakini ni ubao. Siupingi.

Mwaka huu mimi nimenunua nyembamba tu, za kidole kimoja. Zinakauka upesi na wateja wa rafu ni wengi.

Nina maswali mawili. La kwanza: mtoto akiugua sana akiwa na miaka saba, hiyo fedha inaguswa au ndiyo tunaitazama kwa mbali? La pili: fomu ina mstari wa Msimamizi wa Kwanza, na chini yake upo wa Msimamizi wa Pili. Wa kwanza ni mimi, sawa. Wa pili ni nani?

Chiriku anauliza picha yako iliyo ukutani inakuja lini. Nimemwambia picha ina kazi nyingi.

Mjomba wako.

*

28 Machi

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia kwamba nyote mko salama, na nimecheka peke yangu juu ya hao "na wenzake" hadi mwenzangu wa meza ya pili akaniuliza kulikoni.

Hapa mambo yanakwenda vizuri. Nilimwonyesha meneja mpango wa Chiriku kama mfano wa kazi yangu, akausifu mbele ya wote. Alisema ni nadra kwa mtu wa umri wangu kufikiria miaka kumi na tano mbele kwa utulivu namna ile. Akauliza tu, kama wewe, kuhusu msimamizi wa pili. Nikamjibu kwamba atapatikana.

Majibu yako ni haya. Hati fungani inaweza kuuzwa kwa mtu mwingine kabla ya muda wake, ingawa huenda bei ikawa chini ya ile tuliyonunulia. Vipande ndivyo vyepesi zaidi. Ukiomba, fedha hutoka baada ya siku chache. Ndiyo sababu sikuweka zote mahali pamoja: ile theluthi ni mlango wa dharura.

Kuhusu mstari wa pili, usikusumbue. Ni wa kujaza tu ili fomu isirudishwe. Unaweza kuandika jina la jirani yetu Mwalimu, ambaye anamfahamu mtoto na ana mwandiko mzuri.

Naye Chiriku mwambie kwamba namba zinakula muda. Ukiziacha zikale bila kuzisumbua, zinanenepa. Nilipokuwa naandika sentensi hiyo nilitazama nje, nikaona mawingu yamelazwa juu ya paa za mji, moja juu ya jingine, kama mbao zako, na kwa kitambo sikujua kama nimo ofisini au nimelala chali kwenye maranda nikiwa na miaka mitano.

Kuhusu kuja, mwezi huu kazi zimenibana, na mwezi ujao tuna ukaguzi wa vitabu. Natambua kwamba tangu mazishi ni miezi kumi na minne. Nitakuja mambo yakitulia.

Tafadhali kumbuka mwisho wa Aprili.

Mpwa wako.

*

2 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Nakuandikia kukujulisha kwamba mnada wa Aprili umetupita. Nimesubiri siku sitini na sita bila jibu. Nimepiga simu mara nyingi, inaita tu. Mara moja ilipokelewa na Chiriku, akanisimulia habari ndefu ya paka na gundi, kisha akaniuliza, "Wewe ni nani?" Nikamwambia mimi ni mama yake mdogo. Akasema, "Yule wa picha?" na simu ikakatika.

Sitaki kukuvunjia heshima, lakini kila mwezi fedha hizi zinapokaa bila kazi ni mwezi ambao mtoto hatarudishiwa. Niliwaahidi wanafamilia. Nilimwahidi dada. Kama mpango hukuupenda, niambie waziwazi, nitaandika mwingine. Kama kuna jambo jingine, niambie hilo.

Mnada unaofuata utafungwa tarehe 31 Julai.

Mpwa wako.

*

6 Julai

Profesa,

Marahaba. Umenigombeza vizuri, na kwa Kiswahili safi. Ada ya shule haikwenda bure. Nisamehe kwa kuchelewa.

Sote tumo. Chiriku amepoteza kiatu kimoja, hataki kusema kiko wapi, na mimi namshuku paka. Mwalimu anakusalimu. Ndiye aliyekaa na mtoto siku kumi na moja za mwezi wa tano, nilipokwenda mjini kuchagua mbao. Sikupata za kunifaa, nikarudi mikono mitupu. Safari ilinichosha, ndipo nikakawia kukuandikia.

Mpango wako ni mzuri. Nilimjibu Chiriku kama ulivyosema, kwamba namba zinakula muda. Alikuwa amekaa juu ya benchi la kazi, miguu inaning'inia, ananitazama nikipiga randa. Akafikiri sana. Kisha akauliza, "Muda wa nani, Babu?"

Nikamwambia, "Wa kila mtu."

"Na wako?"

"Na wangu."

Akasema, "Basi zisile mwingi," akashuka kwenda kumfukuza paka.

Nikaweka randa chini. Nikachukua jedwali lako, lile zuri lililochapwa, na penseli bapa ya kazi, nikapiga mstari pembeni, nikaongeza safu ya nne. Mwaka wa kwanza: mtoto minne, fundi sitini na saba. Mwaka wa pili: mtoto mitano, fundi sitini na minane. Nikaendelea kushuka hivyo. Nilipofika mwaka wa sita, sabini na miwili, penseli ikakatika. Nikaona nisiinoe. Jedwali nalirudisha ndani ya bahasha hii. Usikasirike kwamba nimelichafua.

Fomu nimetia saini penye jina langu. Mstari wa pili nimeuacha. Pendekezo lako nililipeleka kwa Mwalimu, akacheka hadi akavua miwani. Ana miaka sabini na mmoja. Akasema, "Fundi, huyo mpwa wako anataka sote wawili tuongezewe mkataba!" Kisha akavaa miwani tena, akasema mstari ule si wa mwandiko mzuri.

Mimi sikuombi kitu, mwanangu. Una kazi yako, na nilikata mbao nyingi ili uipate. Nakurudishia tu karatasi ilivyo.

Dada yako alipokuwa mdogo, mchana kama huu, alikuwa akilala palepale anapolala Chiriku. Jua likiingia kupitia ule ubao wa ukuta wenye tundu, vumbi linang'aa juu yake, hujui ni mtoto gani, wala ni mwaka gani. Jana nilimwamsha kwa jina la mama yake. Aliitika.

Mjomba wako.

*

13 Julai

Mjomba wangu,

Shikamoo. Safari hii naandika bila kuchapa, unisamehe mwandiko.

Nilifungua bahasha yako mezani kwangu ofisini, nikaitandaza karatasi chini ya mwanga wa dirisha. Nimeisoma safu yako kuanzia juu hadi pale risasi ya penseli ilipoacha kidoa. Baada ya hapo pana mistari tisa mitupu. Meneja alipita akaniuliza kama kuna kosa katika hesabu. Nilimwambia ndiyo, lipo, na ni langu. Nilikadiria riba, nikakadiria kupanda kwa bei, nikamkadiria hata Chiriku mwenyewe. Sikumkadiria mtu anayempikia uji.

Mjomba, hakuna fundi anayekwenda kuchagua mbao siku kumi na moja akarudi bila hata fito. Wala wewe hujawahi kununua nyembamba tupu. Uliniandikia jambo hilo mwezi wa tatu, kwa maneno machache kabisa, nami nikalipita kama anavyolipita mtu tangazo la ukutani. Tangu nikiwa mtoto najua kwamba unaponunua ubao unasema ni lini unakusudia kuuteremsha. Sikuulizi daktari alisema nini. Utaniambia tukiwa tumekaa.

Nami nina langu ambalo sijamwambia mtu. Siku mbili kabla dada hajafariki, nilikuwa kitandani kwake. Alikuwa ananishika kidole kimoja tu, kwa sababu nguvu zilikuwa za kidole kimoja. Akaniuliza, "Utamwangalia?" Nikamjibu, "Nitahakikisha fedha zake zinakaa mahali salama." Ndivyo nilivyomjibu, Mjomba, kama karani. Dada alicheka kidogo, akafumba macho, akasema, "Sawa, Profesa." Alitumia jina la utani ulilonipa wewe. Nililomjibu halikuwa jibu la swali lake, na alijua, na alinisamehe papo hapo, na hilo ndilo ambalo sikuweza kulibeba.

Kisha siku ya mazishi nilivaa lile gauni lake la bluu kwa sababu langu lilikuwa limelowa. Chiriku alitoka chumbani akanishika pindo kwa mikono miwili, akaniita mama. Unakumbuka kwamba niliondoka kabla watu hawajatawanyika. Nilisema nawahi basi. Basi lilikuwa la saa kumi. Nilikaa kituoni saa nne nzima, natazama mikono yangu. Tangu siku hiyo kila nilipotaka kuja, nilifungua jedwali badala yake. Niliamini kwamba nikizipanga namba vizuri sana, zitamlea.

Juzi, nikiwa ndani ya basi la kutoka kazini, nilisinzia nikamwona tena yule msichana wa mwaka wa kumi na tano. Ukumbi uleule, madirisha yaleyale. Safari hii ulikuwa nyuma yake umekaa juu ya benchi lako, umezungukwa na maranda yaliyokufika magotini, unanoa penseli bila haraka. Msichana akageuka. Sikuona kama alinitambua, kwa sababu kondakta alinigusa bega.

Nimefanya haya yafuatayo. Kwenye mstari wa Msimamizi wa Pili nimeandika jina langu, kwa wino, na kutia saini. Kwenye jedwali nimepiga safu ya tano, yangu. Inaanza na ishirini na saba na kuishia na arobaini na mmoja. Nimeijaza hadi chini, Mjomba, sikuruka mstari. Yako sikuigusa. Nimekuletea penseli mpya.

Nimeomba likizo ya wiki mbili. Meneja alikunja uso, akasema mwaka wa majaribio si wa likizo. Nikamwambia kwamba mpango alioupenda sana una sehemu moja isiyofanyika kwa barua. Amekubali. Kuanzia hapo nitakuja kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Na siku ambayo utaniambia haitoshi, tutakaa tuhesabu upya, mimi na wewe na Mwalimu na mwandiko wake.

Jumatatu ya likizo tutakwenda wote kwa daktari wako, nami nitamuuliza maswali kwa adabu za ofisini hadi achoke. Kisha tutakwenda kiwanda cha mbao. Nataka ninunue ubao mmoja kwa mshahara wangu. Uwe wa vidole gumba sita. Nimeuhesabu, unafika palepale penseli ilipokatikia. Tutaupandisha juu ya dari, utanionyesha namna ya kupanga fito, na kichwani tutaandika kwa chaki majina matatu. Utakapokuwa tayari, utauteremsha wewe. Nisingependa fundi mwingine.

Mwambie Chiriku kwamba picha imeomba ruhusa ukutani. Na usimfundishe kuniita kitu chochote. Nitaitika atakaloliona yeye.

Basi nitapanda la alfajiri. Mnisubiri mlangoni mwa karakana, Jumamosi, tarehe 26 Julai, saa tatu asubuhi.